Kamera ya Simu na Yai la Kichocho: Picha Iwe Shahidi, Isiwe Kadhi

Tunapenda katika jarida letu la mwaka huu kuzungumza na wanafunzi wetu na wazee wao juu ya jambo ambalo huenda wengine wakauliza: hili nalo lina uhusiano gani na madrasa? Jambo lenyewe ni upimaji wa kichocho na minyoo kwa kamera ndogo za bei nafuu, zikiwemo kamera za simu za mkononi.

Uhusiano upo, tena mkubwa. Mgonjwa wa kichocho hapa Unguja na Pemba mara nyingi ni mtoto wa umri wenu. Asubuhi yuko skuli, jioni yuko chuoni, na baina ya hapo yuko mtoni au bondeni kwenye mpunga. Huko anaoga, anafua, anachota maji, anacheza. Anaporudi kukaa mbele ya msahafu anakuwa amechoka, tumbo la chini linamuuma, na pengine mkojo wake una damu, lakini hasemi. Hasemi kwa sababu anaona haya, au kwa sababu ameambiwa na wenzake kwamba mvulana akikojoa damu ndiyo kukua huko. Basi sisi walimu tukinyamaza na yeye amenyamaza, nani atasema?

Maoni yetu tunayatanguliza ili msomaji ajue tunakoelekea. Tunaunga mkono kamera hizi zije katika shehia zetu. Lakini tunataka zije kama shahidi, zisije kama kadhi. Maana ya maneno haya tutaieleza hatua kwa hatua.

ADUI ASIYEONEKANA KWA JICHO

Kwanza tumjue adui. Kichocho kilichopo Zanzibar ni kile cha njia ya mkojo. Minyoo yake huishi ndani ya mishipa ya damu iliyozunguka kibofu na hutaga mayai. Kila yai lina mwiba mkali kwenye ncha yake moja. Mayai yanapotoboa ukuta wa kibofu ndipo damu inapotokea kwenye mkojo. Mtu akikojoa majini, yai huanguliwa, na kinachotoka humtafuta konokono mdogo wa maji baridi. Ndani ya konokono huyo vimelea huongezeka kwa wingi, kisha hutoka na kuogelea hadi vikutane na ngozi ya mtu aliyeingia majini. Hapo huipenya ngozi, na safari huanza upya.

Tazameni basi hekima ya Sharia yetu. Mtume (S.A.W.) aliwakataza Waislamu kukojoa katika maji yaliyotuama, na akatahadharisha juu ya kujisaidia katika sehemu za maji wanazozitumia watu. Hayo aliyasema zaidi ya miaka 1,200 kabla ya Theodor Bilharz, daktari wa Kijerumani aliyekuwa akifanya kazi Cairo, kuwagundua minyoo hawa mwaka 1851. Mwanafunzi anayeishika adabu hii ya tohara amekwisha kuukata mnyororo wa kichocho katika kiungo chake cha kwanza, hata kama hajapata kumuona konokono huyo maishani mwake.

Yai la kichocho lina urefu wa kiasi cha sehemu moja ya saba ya milimita. Kwa jicho tupu huwezi kulitambua. Mtaalamu wa maabara huchukua mililita 10 za mkojo, huupitisha kwenye kichujio kidogo kwa kutumia bomba la sindano, kisha hukitazama kichujio chini ya hadubini na kuhesabu mayai. Mayai 50 au zaidi katika mililita hizo 10 huhesabiwa kuwa ni maambukizo makali.

Minyoo ya tumbo, yaani mchango, minyoo mjeledi na safura, hupimwa kwa choo kikubwa. Njia iliyozoeleka inaitwa Kato-Katz. Huchukuliwa miligramu 41.7 tu za choo, zikatandazwa juu ya kioo. Kila yai linaloonekana huzidishwa mara 24 ili kupata idadi katika gramu moja. Kwa hiyo mpimaji akipitiwa na yai moja tu, ameacha kuhesabu mayai 24 katika kila gramu. Yai la safura lina tabu ya ziada. Ngozi yake ni nyembamba, na dawa inayong'arisha kioo hulifanya litoweke. Lisipotazamwa ndani ya nusu saa au saa moja hivi, huwa halionekani tena. Kioo chenyewe bado kipo mezani, lakini ushahidi umekwisha kuyeyuka.

KUTOKA BASRA HADI SIMU YA MKONONI

Baadhi ya vijana wetu hudhani kuwa elimu ya kutazama kwa vioo ni mali ya watu wa mbali, na sisi ni wapokeaji tu. Hapana. Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965 na kufariki Cairo kiasi cha mwaka 1040, aliandika Kitab al-Manazir, na humo akabainisha kwamba tunaona kwa sababu nuru hutoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Hakuunda hadubini, na si vyema tumzulie. Alichotuachia ni kikubwa zaidi, nacho ni tabia ya kutokubali neno la mkubwa yeyote mpaka lijaribiwe. Naye Ibn Sina, katika kitabu chake cha tiba, Al-Qanun, alieleza maradhi ya mnyoo unaotoka mguuni ambao Waarabu waliuita mshipa wa Madina.

Karne nyingi baadaye, katika mji wa Delft huko Uholanzi, mfanyabiashara wa vitambaa aitwaye Antoni van Leeuwenhoek alisugua vipande vidogo vya kioo hata akapata lenzi moja ndogo yenye nguvu kubwa. Mwaka 1681 alikitazama choo chake mwenyewe alipokuwa akiharisha, akaona viumbe vidogo vikitembea. Hakuwa daktari wala hakuwa na maabara. Alikuwa na lenzi moja, jicho na subira.

Tumemtaja kwa sababu simu inayopima minyoo leo imerudi kwenye jambo lile lile. Ukiweka lenzi ndogo ya mviringo, mfano wa gololi, mbele ya kamera ya simu, basi simu imekuwa hadubini. Mwaka 2014 Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliitangaza hadubini ya karatasi inayokunjwa, iitwayo Foldscope, ambayo vifaa vyake havikufikia gharama ya dola moja. Na hapa hapa Tanzania, wataalamu wa Dar es Salaam na wa Taasisi ya Afya ya Ifakara huko Bagamoyo walishirikiana na Chuo Kikuu cha Bath cha Uingereza katika hadubini iitwayo OpenFlexure. Mwili wake huchapwa kwa plastiki kwenye mashine, macho yake ni kamera ndogo, na michoro yake imewekwa wazi ili kila atakaye aitengeneze. Kikivunjika kipande, hakingojewi kutoka ng'ambo, huchapwa kingine.

YALIYOJARIBIWA PEMBA

Sasa tuje nyumbani. Pale Wawi, Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa Kitaliano wa vimelea. Ilifunguliwa mwaka 2000. Mwaka 2013 ulitangazwa utafiti ambao watafiti kutoka nje, wakishirikiana na wataalamu wa maabara hiyo, waliufanya kwa vioo vya choo vya watoto 199 wa Pemba. Walichukua simu ya kawaida ya wakati ule, wakaibandika lenzi ya mviringo ya milimita 3 kwa utepe wa kunata, wakamulika kwa tochi ndogo. Lenzi ilikuwa na bei ya dola 8. Kisha wakalinganisha kilichoonwa na simu na kilichoonwa na hadubini ya maabara.

Matokeo yake tunataka kila mwanafunzi ayaweke akilini. Katika kila watoto 10 wenye minyoo, simu iliwatambua karibu 7. Kwa mchango, ambao yai lake ni nene na rahisi kulitambua, iliwapata 8 katika kila 10. Kwa minyoo mjeledi iliwapata zaidi kidogo ya nusu. Kwa safura, ilimpata 1 tu katika kila 7. Tena wapo watoto ambao simu ilisema wana minyoo na hadubini haikuona kitu.

Kuna watakaosoma hesabu hizo wakasema, "Basi kitu hiki hakifai." Na kuna watakaosoma wakasema, "Ajabu! Dola 8 na utepe vimefanya yote haya?" Sisi tunaona kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Safura ndiyo hunyonya damu ya mtoto na kumwacha hana nguvu. Chombo kinachowakosa wagonjwa 6 katika kila 7 wa safura hakiwezi kupewa kazi ya kusema nani mzima na nani mgonjwa. Lakini watafiti wale walifanya jambo ambalo Ibn al-Haytham angelipenda, nalo ni kukipima chombo kwanza, tena hapa hapa, kwa vioo vya watoto wa hapa, na kuyasema mapungufu yake wazi. Kujua chombo kinakosea wapi ni elimu, na elimu hiyo ndiyo ilizaa vyombo vilivyokuja baadaye.

WALIYOYAFANYA WENGINE

Nchini Cameroon kulikuwa na tatizo jengine. Dawa ya ivermectin inayotumika kupambana na usubi inaweza kumdhuru vibaya, hata kumuua, mtu mwenye minyoo mingi mno ya jicho katika damu yake. Katika wilaya ya Okola ugawaji wa dawa ulisimamishwa mwaka 1999 baada ya watu kufa. Mwaka 2015 wataalamu walirudi na kifaa kilichounganishwa na simu. Tone la damu ya kidole huwekwa ndani, simu hupiga picha za video, na programu yake huhesabu minyoo kwa jinsi inavyochezesha damu, kwa muda wa kiasi cha dakika mbili. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Watu 16,259 walipimwa. Asilimia 2 hivi walionekana wana minyoo mingi mno wakazuiwa dawa. Zaidi ya 15,000 walipewa dawa, na hakuna hata mmoja aliyepata lile dhara kubwa la ubongo lililokuwa likiogopwa.

Kwa nini kule simu ilifaulu na Pemba ikapungukiwa? Kwa sababu kule iliulizwa suali moja dogo: minyoo hii inayotembea, je, imezidi kiasi? Haikuulizwa kutambua mayai ya aina tatu yasiyotembea ndani ya uchafu wa choo. Chombo kizuri ni kile kilichotengenezwa kwa ajili ya suali linalojulikana.

Jirani zetu wa Kwale, Kenya, nao wameitumia hadubini ndogo ya kidijitali katika kituo cha afya, picha zikasafirishwa kwa mtandao wa simu na kusomwa na programu ya kompyuta iliyofundishwa kutambua mayai. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2024 kwa watoto wa skuli, kiasi cha sampuli 1 katika kila 10 ambazo mpimaji alisema hazina kitu, programu iliona yai, na mtaalamu alipoirudia picha alikubali kuwa yai lipo. Mengi ya maambukizo hayo yalikuwa machache na mepesi, yaani yale yale yanayokipita jicho lililochoka.

KWA NINI SASA?

Mtu anaweza kusema: dawa ya kichocho hugawiwa bure maskulini, basi kupima kwa nini? Tugawe dawa yaishe.

Njia hiyo imetufikisha mbali na hatuibezi. Katika miaka ya 1980 zaidi ya nusu ya watoto wa skuli katika sehemu nyingi za visiwa hivi walikuwa na kichocho. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2017 ulifanyika mradi mkubwa katika shehia 90, 45 Unguja na 45 Pemba, wa kugawa dawa, kuua konokono na kubadilisha tabia. Mradi ulipomalizika, maambukizo kwa watoto wa skuli yalikuwa kwa wastani chini ya asilimia 5. Alhamdulillah.

Lakini maradhi yakipungua, tabu ya aina nyengine huanza. Mgonjwa mmoja sasa amejificha baina ya wazima wengi. Shehia moja haina mgonjwa, na ya jirani yake ina mto na wagonjwa. Kumpa kila mtu dawa kila mwaka, naye hana maradhi, kunawachosha watu, nao huanza kuikataa. Ndiyo maana kuanzia mwaka 2020 kaskazini mwa Pemba watafiti walijaribu njia ya kupima, kutibu na kufuatilia katika shehia zenye maambukizo machache. Njia hiyo inahitaji macho mengi, na macho yaliyofunzwa ni machache. Hapo ndipo kamera inapopata kazi.

HESABU YA WATU ELFU MOJA

Wanafunzi wanaopenda hesabu na watazame mfano huu, ambao ni mfano tu. Shehia ina watu 1,000, na 20 wana kichocho. Tuseme tumeleta kifaa kinachowatambua wagonjwa 7 katika kila 10, na kwa wazima kinakosea mara 5 katika kila 100. Wengi wetu tungesema ni kifaa kizuri. Tuhesabu.

Katika wagonjwa 20 kitawapata 14 na kuwaacha 6. Katika wazima 980 kitawaita wagonjwa watu 49. Jumla ya walioitwa wagonjwa ni 63, na kati yao walio wagonjwa kweli ni 14 tu. Kifaa hicho kikipewa hukumu, kitawatangazia ugonjwa watu 49 wasiokuwa nao, na kitawarudisha mtoni wagonjwa 6 wakiwa na uhakika kwamba wako salama.

Sasa tukipe kazi nyengine, tukifanye chekeche. Picha za watu wale 63 zipelekwe kwa mtaalamu Chake Chake, azitazame moja moja. Badala ya kusoma vioo 1,000, atasoma picha 63, kazi ya siku moja. Wale 49 watatolewa. Na kwa kuwatafuta wale 6 waliopita, wenye dalili na wanaotumia mto watoe mkojo tena siku ya pili, kwani mayai hayatoki sawa kila siku, na hutoka zaidi katikati ya mchana.

Kifaa ni kile kile, watu ni wale wale. Kilichobadilika ni cheo tulichokipa.

PICHA NI SHAHIDI

Hapa ndipo tunapotaka kulikazia neno letu. Watu wanapozisifu kamera hizi huanza na urahisi wa bei. Sisi tunaona sifa yao kubwa ni nyengine, nayo ni kwamba picha hubaki.

Kwa hadubini ya kawaida, mtu mmoja hutazama, huandika, na kioo hutupwa. Tunabaki na kauli ya mtu mmoja, naye ni binadamu. Huenda amesoma vioo mia moja tangu asubuhi, huenda jicho limemchoka. Yai la safura likishatoweka hakuna wa kumsahihisha. Kwa kamera, picha inaweza kutazamwa na wa pili na wa tatu, leo na mwezi ujao, hapa na mbali. Nyinyi mnaosoma fiqhi mnajua kwa nini dini yetu imetaka shahidi zaidi ya mmoja katika mambo mazito, na mnajua kwamba Qur'ani imetuamrisha kuihakikisha habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta.

Na tunapozungumza juu ya kudhuru watu, kuna jambo tutalisema kwa heshima lakini hatutalificha. Kichocho kinaweza kuwapata wanawake na wasichana katika sehemu zao za siri. Mayai hukwama huko, huleta maumivu, kutokwa na damu, na hata kuzuia uzazi. Dalili hizo hufanana na za maradhi ya zinaa. Fikirini binti mwenye heshima zake, ambaye kosa lake ni kuchota maji mtoni, akitazamwa kwa jicho la shaka na jirani, na wakati mwengine na mhudumu wa afya. Dini yetu imeweka adhabu kali kwa anayemtuhumu mwanamke mwema bila ya mashahidi. Basi mayai ya kichocho yakionekana ni ushahidi unaofungua mlango wa tiba na kufunga midomo ya watu. Na kwa kuwa wakati mwengine mayai hayaonekani kwenye mkojo ingawa maradhi yapo, kutoonekana kwake nako kusifanywe ushahidi dhidi ya mtu. Hakuna mashine inayoruhusu dhana mbaya.

SITARA NA AMANA

Shahidi ana haki zake na ana mipaka yake. Picha inayobaki ni neema, na picha inayobaki ni hatari. Simu iliyopiga picha ya mkojo wa mtoto ikiandikwa jina lake inaweza kusafiri hadi pasipotakiwa. Kwa hiyo tunasema: picha ziwekewe namba, majina yabaki katika daftari la kituo cha afya, na simu ya kupimia isiwe simu ya mtu binafsi inayolala nyumbani kwake.

Tena kuna haki ya jumla. Programu zinazotambua mayai hufundishwa kwa maelfu ya picha, na picha hizo hutoka kwenye choo na mkojo wa watoto wa vijiji kama vyetu. Hatusemi wasipewe, elimu ikinufaisha watu wengi ni sadaka inayoendelea. Tunasema wazee waulizwe na waelezwe kwa Kiswahili kabla ya kukubali, na chombo kitakachotokana na picha hizo kisije kikauzwa kwetu kwa bei ambayo kituo chetu cha afya hakiimudu. Aliyetoa mbegu asikatazwe mavuno.

TUNALOTAKA

Kwa wakuu wa afya na wafadhili tunasema mambo matatu. Kifaa chochote kitakacholetwa kipimwe kwanza hapa, sambamba na hadubini ya maabara, na matokeo yasomwe mbele ya watu wa shehia, mazuri na mabaya. Pili, siku ya kupima iwe ndiyo siku ya dawa au siku inayofuata, kwani kumwambia mtu anaumwa kisha kumwacha ni kumwongezea maradhi ya moyo. Tatu, urahisi wa lenzi usiwe sababu ya kupunguza wataalamu wa maabara. Lenzi ya utafiti ule ilikuwa dola 8, lakini wa kuchuja mkojo, kutandaza choo, kurekebisha taa na kusema "picha hii haifai, rudia" ni mtu aliyesoma na anayestahiki mshahara.

Kwa wazee tunasema: mtoto akikuambia mkojo wake una damu, usimkemee wala usimcheke. Mpeleke kituoni. Hilo halihitaji kamera.

Na kwa nyinyi wanafunzi wetu, wasichana na wavulana, tuna maneno mahsusi. Mkipewa kichupa cha mkojo skuli, toeni wenu wenyewe. Yupo mwanafunzi anayeona tabu akamuazima mwenziwe. Huyo amesema uwongo bila ya kufungua mdomo, na pengine amejinyima dawa anayoihitaji. Msikojoe majini, na mkimuona mwenzenu anafanya hivyo mkatazeni kwa upole. Mwenye kupenda sayansi asidhani kuwa amekwenda kinyume na chuo chake. Anayelitafuta yai la kichocho kwenye kioo ili mtoto wa mwenziwe apone yuko katika ibada, nia yake ikiwa safi. Tungependa siku moja mtaalamu anayezisoma picha hizo Wawi, au anayetengeneza programu ya kuzisoma, awe ni mmoja wenu mliokaa katika mikeka hii.

Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Dawa ya kichocho ipo na inajulikana. Kilichobaki ni kumpata anayeihitaji. Na Qur'ani imetukumbusha kwamba kusikia, kuona na moyo, vyote vitaulizwa. Ikiwa jicho la mwanadamu litaulizwa, basi jicho tulilolitengeneza na kulituma kutazama kwa niaba yetu, tutaulizwa juu yake pia: liliona nini, lilikosa nini, na sisi tulifanya nini baada ya kuona.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape wataalamu wetu macho makali na nyoyo za huruma, na ajaalie kizazi chenu kiwe cha mwisho kukijua kichocho katika visiwa hivi. Amin.

Wabillahi tawfiq.